Herufi Moja kwenye Ndoo ya Wodi

Huku mtaani wanamwita Epuke. Watoto wa shule hulitia jina hilo sauti ya wimbo akipita, wakubwa hulifunika kwa kikohozi, na mwenye duka akimuuzia sabuni huisukuma hadi ukingoni mwa meza kisha anarudisha mkono haraka, eti mzaha. Mtu huyo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Wajukuu zangu wameanza kuniuliza alifanya nini. Naandika kabla mtaa haujawajibu.

Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume katika hospitali iliyo mwisho wa barabara yetu. Miaka kumi na miwili, kibarua. Alipiga deki asubuhi na mchana, alibadilisha mashuka, alimwaga vya kumwagwa, akasuuza vyombo kwa dawa kali iliyombabua vidole hadi vikafanana na kuku aliyenyonyolewa. Kilichomtofautisha na wenzake ni mwandiko. Aliishia kidato cha pili, lakini herufi zake zilisimama wima kama matofali ya fundi mzuri, na kosa la tahajia lilimuuma kama jino. Vibao vyote vya hospitali aliviandika yeye: osha mikono, usiteme mate, viatu viache mlangoni. Kinyozi wa jirani alipoandika ukutani "Karibu tukunyowe", shemeji alivuka barabara na kalamu yake nene ya wino, akaikata ile w kwa mstari mbele ya wateja.

"Sasa hapo umenisaidia au umenitukana?" kinyozi akauliza.

"Nimekunyoa."

Walicheka wote siku hiyo, kinyozi akicheka kuliko wengine. Hakusahau.

Mwaka ninaousimulia, jina la shemeji lilikuwa limefika kwenye orodha ya ajira ya kudumu. Barua ilibaki kutiwa saini tu. Alikuwa na mchumba, fundi cherehani mpole mwenye kaka watatu wasio wapole, na kaka hao walishatamka: bila barua, hakuna harusi. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Barua ile ndiyo aliyokuwa akiingojea kwa kila kitu.

Ndipo akaja daktari mgeni wa miezi mitatu kutoka ng'ambo, kijana mcheshi aliyemwambia kila mtu "habari" na kupita kabla hajajibiwa. Wagonjwa waliotoka kupasuliwa walikuwa wakitapika ovyo sakafuni. Akachukua ndoo nyeupe, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa PUKE, akaiweka kati ya kitanda cha tano na cha sita, akaenda zake.

Shemeji aliikuta akipiga deki. Alilisoma neno kama yeyote kati yetu angelisoma: pu, ke. Akajua mgeni anajifunza lugha yetu, masikini, amejitahidi, ameangusha herufi ya kwanza. Alimwonea huruma. Akatoa kalamu, akaongeza E mbele, safi, ya kimo kilekile, na kwa kuwa ndoo ya daktari haiwezi kuwa jambo dogo, akatia alama ya mshangao mwishoni. EPUKE!

Siku mbili hakuna aliyeisogelea. Wagonjwa waliikunjia miguu, wauguzi waliizunguka. Siku ya tatu mwenyekiti wa bodi alikuja kumjulia hali mkwewe, mzee wa kitanda cha sita, aliyepasuliwa ngiri. Alivaa suti rangi ya maziwa. Wakiwa katikati ya mazungumzo mzee akashikwa na kichefuchefu. Akainamia upande wa ndoo, akaisoma, na kwa kuwa ni mtu mtiifu, akageukia upande wa pili.

Upande wa pili alikaa mwenyekiti.

Kicheko cha yule daktari kilisikika hadi jikoni. Matroni hakucheka.

"Hii E ameiandika nani?"

"Mimi, mama," akasema shemeji, na wanasema alisema kwa fahari kidogo, akidhani mwandiko unasifiwa.

Jioni ile alikuja kwangu. Nimefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita, na kila jambo la lugha hiyo hapa nyumbani lilikuwa langu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akiipindapinda kofia yake.

"Shemeji, lile neno lina maana gani?"

Nikashusha kamusi kubwa ya marehemu. "Ni kutapika."

"Kutapika si 'vomit'? Hilo nalijua, liko kwenye mafaili."

"Hilo ndilo la heshima, limetoka Kilatini, ni la madaktari. Hili ni la mtaani. Hutamkwa pyuku. Asili yake wenyewe hawana hakika nayo. Wengi wanadhani ni mlio tu wa mtu akitapika, na wengine wanalihusisha na neno la Kijerumani la kutema mate. Ni neno la walevi, watoto, na watu waliozoeana. Halikufaa kuandikwa kwenye chombo cha hospitali."

Uso ukamkunjuka. "Kumbe na yeye ana kosa!"

"Nusu."

"Basi kesho kutwa njoo uwaambie hivyohivyo kwenye kamati ya nidhamu walikoniita. Mimi watanicheka. Wewe watakusikiliza, Shemeji."

Wangenisikiliza, hilo nalijua. Lakini mume wangu aliacha jina safi, na sikutaka liingie kwenye kumbukumbu za kikao likiwa limekaa na ndoo. Nikamwambia nitamwandikia, anakili kwa mkono wake, na asinitaje. Akaapa. Nikamjazia ukurasa mzima: maana, asili, matumizi, hadi sentensi ya mfano. Nilijivunia ukurasa ule.

Yaliyofuata nilisimuliwa na karani wa kikao. Shemeji aliusoma wote bila kukwama hata pale penye Kijerumani.

"Umeandika mwenyewe?" matroni akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hukusaidiwa na mtu?"

Karani anasema shemeji alitazama dirishani kwanza. "Hapana."

Mwenyekiti akaegemea kiti. "Bwana mdogo, mtu anayelijua neno hadi ukoo wake Ujerumani hawezi kuniambia hakulielewa. Uliliharibu makusudi. Ulitaka nitapikiwe."

"Nimelijua baada ya..."

"Baada ya nini? Sema. Nani kakufundisha?"

Palikuwa na nafasi ya neno moja pale, na neno hilo lilikuwa mimi. Akafunga mdomo.

Barua ya ajira ilichanwa mbele yake, na kibarua kikaishia hapo. Mlangoni matroni alimkabidhi ndoo. "Chukua kazi yako ya sanaa." Akaishika, kwa sababu amezoea kupokea anachopewa, akashuka nayo barabara nzima, maandishi yakitazama nje. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi.

"Jamani njooni muone, leo limeandikwa bila kosa!" Kisha akamsogelea, akalisoma kwa sauti, akaruka nyuma kama aliyeungua. Mpaka shemeji anafika nyumbani, jina lilikuwa limeshafika. Kaka za yule fundi cherehani walikuja siku ya pili. Hawakuingia ndani. Dada yao aliolewa mwaka uleule na dereva wa lori.

Nilikuwa na wiki nzima ya kwenda hospitali kusema ukweli. Si mbali, ni mwendo wa dakika kumi. Nilikutana na matroni sokoni.

"Mwalimu, kumbe mdogo wenu msomi wa siri!"

"Hata mimi nimeshangaa," nikasema.

Sasa shemeji anawabebea mafundi wa ujenzi maji kwa ndoo ileile. Akipita kwangu nampa chai, ananiita Shemeji kama zamani, na siku zote hizo hajanigusia jambo lile. Mwezi uliopita mjukuu wangu mkubwa alimuuliza mbele yangu, "Babu, kwa nini hukuyafuta hayo maandishi?"

Akaigeuza ndoo, akaitazama kwa jicho lake la kutafuta makosa, akasugua doa karibu na ile E kwa kidole.

"Yako sawa," akasema. "Muulize bibi yako."

Mtoto akanigeukia. Nikasema chai inapoa. Ukurasa ule niliuandika mimi, wajukuu zangu, kila neno. Yeye aliongeza herufi moja tu.