Lafudhi ya Mwizi

Juzi, nikipita City Centre hapa Lilongwe, nilisimama mbele ya duka la televisheni. Kwenye skrini msichana mweusi, nywele za kusuka, alikuwa akipigana karate, na ndiye aliyekuwa nyota. Ungeniona, rafiki yangu, ungedhani nimepotelewa na kitu.

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tulizoea mengine. Katika banda la video, kila filamu ya karate ilikuwa na mweusi mmoja, na huyo hakuchelewa kufa. “Wetu njo anatanguliaka mbinguni,” bibi yangu alizoea kusema. Ndiyo maana tulimpenda mfasiri, kijana wa Bukavu aliyeigiza sauti zote za filamu kwa Kiswahili. Yule mweusi asiye na neno, yeye alimpa maneno. “Mi ni mtoto wa Uvira!” alinguruma kwenye maikrofoni, na sisi, midomo imejaa mandasi ya moto, tulishangilia hadi mabati yakatikisika.

Jumamosi moja mfasiri alimpa mwizi wa filamu lafudhi ya Kirundi. Watu wakaangua kicheko. Kando yangu jirani yetu mshonaji, Mrundi aliyenishonea sare ya shule, hakucheka. Mwizi akaiba tena, akaongea tena. Jirani akainuka, akasimama mbele ya mwanga wa projekta, mwizi akawa anakimbia juu ya shati lake jeupe.

“Zima.”

“Papa, ni mchezo tu,” mfasiri alijibu.

“Kwetu pia balianzaka na kucheka.”

Kicheko kikakatika. Nyuma benchi liliburutwa, vijana wawili Wakongo wakasimama. Upande wa Warundi nao wakasimama. Nikabana mandasi mkononi hadi mafuta yakachuruzika. Mle ndani hakuna aliyehitaji kuelezwa ugomvi unavyokua. Ulishatufukuza makwetu sote.

Mfasiri akamnyooshea maikrofoni. “Basi ongea weye, papa.”

“Mi siko mchezaji. Nataka tu mwizi aongee kama mwizi, si kama Mrundi.”

Mfasiri akakohoa, kisha akayasema maneno ya mwizi kwa sauti yake mwenyewe, Kiswahili cha Bukavu kitupu, na Kifaransa chake ndani. Jirani alisikiliza hadi sentensi ikaisha. Ndipo akaketi, na wale wengine wakaketi mmoja mmoja. Filamu iliishaje, sikumbuki.

Mfasiri alishapelekwa ng'ambo, banda lilibomolewa. Watoto wetu wanatazama kwenye simu, kila mmoja na kona yake, na wana nyota weusi ambao sisi hatukuwaota. Ninafurahi. Ila mtu akidhihakiwa mle ndani ya simu, mtoto anacheka peke yake, na karibu naye hakuna jirani wa kuinuka.