Kifua cha Upande Gani?

Binti yangu alipozaliwa, nyumba yetu ya Rugenge, mjini Uvira kando ya ziwa, ilijaa watu waliokuja kumgawa. Ndivyo ilivyo kwetu: mtoto mchanga hatazamwi tu, anagawanywa. Mama mkwe wangu, mjane wa mvuvi na mwimbaji wa kanisa mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara, alichukua paji la uso, masikio na vidole vya miguu, vyote vya ukoo wao. Mama yangu, aliyekuja kutoka Nyakabere na gunia la mchele, alijitwalia pua na macho, na kwa kuwa hapendi kushindwa akaongeza visigino. Mume wangu, fundi wa moteri za mitumbwi, aliuliza yeye amebakiziwa nini. Akaambiwa kilio. Kifua hakuna aliyekitaja, maana nani atagombania kifua cha kichanga?

Kiligombaniwa baadaye, lakini kwa kukataliwa. Mtoto alikuwa hajatembea vizuri alipopata nimonia ya kwanza. Alipona, akanenepa, tukasahau, ikarudi. Ikarudi tena. Kila alipotoka hospitali bibi zake wawili walikaa barazani, wakaitana bamwana kwa heshima, kama wakwe wanavyoitana kwetu, kisha wakaanza.

"Bamwana, hii kifua haiko ya kwetu," mama mkwe alisema. "Njo ya Nyakabere. Kule munakaa na miguu mu maji ya mupunga asubuyi mpaka mangaribi."

"Ya kwetu?" Mama yangu alicheka kwanza, ndipo akakasirika. "Bamwana, ni upepo ya ziwa. Weye mwenyewe unaisikia vile inapita mu mulango."

Kila mmoja alimtibu mjukuu dhidi ya upande wa mwenzake. Mama mkwe alimpaka mawese kifuani hadi mtoto akang'aa. Mama yangu alimfumia kofia ya sufu, ya kuzuia upepo wa ziwa, na akaagiza ivaliwe mchana kutwa. Wewe fikiria kofia ya sufu Uvira, saa sita mchana. Nilikuwa nikirudi kutoka sokoni, ninakouza ndagala, dagaa wa ziwa letu, namkuta mwanangu ametota jasho na mafuta, nami namvua kofia huku nikisema maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Nina hasira za karibu, sikatai.

Baada ya nimonia nyingine, familia ilikaa kikao. Walikubaliana kwamba upepo wa ziwa ndio unaomuua mtoto, basi apelekwe Nyakabere akalelewe na bibi yake huko hadi aanze shule. Mama yangu alikuwa ameshinda, na alijitahidi sana kutoonyesha furaha. Mimi nilijifungia chumbani nikalia. Nilikuwa nikitakiwa kuchagua mtoto aliye mbali au mtoto aliyekufa, na hakuna aliyeniuliza naonaje. Nikavikunja vinguo vyake mimi mwenyewe.

Aliugua hukohuko Nyakabere. Mama yangu alimleta hospitali ya Uvira kwa pikipiki, akiwa amembeba ndani ya vitenge viwili, mtoto anahema kwa shida, mbavu zinaingia na kutoka. Walipomwekea oksijeni akaanza kutulia, mama mkwe alifika. Alimshika mjukuu miguu, akashukuru Mungu, halafu akashindwa kujizuia.

"Bamwana," alisema kwa upole mtamu, "ziwa ya Nyakabere iko wapi?"

Nilitaka kumrushia chupa ya chai. Kilichonizuia ni daktari, kijana mwembamba, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza kesi yetu. Aliuliza kama nyumbani kuna mtoto mwingine. Nikamwambia yuko binamu yake, waliyekuwa wakilala godoro moja Rugenge.

"Na ule mwingine iko anakohoa?"

"Hapana, daktari. Hata akinyeshewa."

"Sasa, mama, hii upepo inaingia mu nyumba, inachagua mutoto moja?"

Daktari alifunua macho ya binti yangu akatuonyesha umanjano ambao sisi tuliufikiria kuwa wa homa. Akauliza kama alipokuwa mdogo mikono yake iliwahi kuvimba bila kuumwa na kitu. Iliwahi. Tulisema ni siafu. Akaagiza damu ipimwe: ya mtoto, yangu na ya baba yake. Mume wangu alikuja na mikono yenye grisi, wakamwosha kabla ya kumdunga, naye akageuza uso pembeni kama mtoto wa chanjo.

Majibu yalipotoka daktari alituketisha wote kwenye benchi la nje. Mama mkwe alikaa mwisho huu, mama yangu mwisho ule, sisi katikati. Daktari alisema mtoto ana SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Chembe za damu yake hujikunja na kukwama, na zimeharibu wengu, kiungo kidogo cha tumboni kinachokamata vijidudu vinapoingia mwilini. Kwa hiyo kijidudu cha nimonia ambacho binamu yake anakimaliza bila hata kukohoa, kwake kinapita moja kwa moja. Upepo haukuwa na kosa, na mpunga pia.

"Imetoka upande gani?" mama mkwe aliuliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

"Yote mbili, mama. Baba alitoa S moja, mama alitoa S moja. Mwenye iko na moja tu hagonjwi, hata hajui. Zikikutana mbili, njo unaona hii."

Kwetu ukisema SS watu wanapunguza sauti, kwa kuwa kila nyumba ina mabinti wa kuozesha. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Nilipata woga mkubwa, kwani ugonjwa ule haukuwa wa kuisha, lakini pia kuna jiwe lilinitoka moyoni: daktari alisema mtoto asikae mbali na hospitali. Chanjo zake zote, penisilini kila siku, na mwili ukichemka tu, aletwe saa hiyohiyo, siyo kesho. Mama yangu hakubisha. Alirudi Nyakabere peke yake, na Jumamosi iliyofuata akaja na vinguo alivyokuwa amevifua na kuvipiga pasi. Niliona amelia njiani.

Kilichobaki kunitia hofu ni mama mkwe. Mimi nashinda sokoni, mume wangu ufukweni, na mtoto anabaki na mtu anayeamini mawese kuliko thermometa. Kila asubuhi nilimkumbusha, naye kila asubuhi alinikata jicho.

Siku moja nilirudi mapema nikakuta mlango wazi, maharagwe yameungua jikoni, na hakuna mtu. Jirani aliniambia amewaona wakipanda pikipiki. Mama mkwe, juu ya pikipiki! Anayesema ni chombo cha vijana wasio na adabu! Nilikimbia nikiwa bado na harufu ya ndagala mwilini.

Sauti yake niliisikia kabla sijafika mlango wa hospitali. Alikuwa amewapita watu wote kwenye foleni, mtoto mgongoni anachemka, yeye mwenyewe kiatu kimoja hakipo, anamwambia muuguzi mbele ya nusu ya wanakwaya wenzake waliokuja kuona mgonjwa: "Huyu mutoto iko na SS! Iko mu damu ya kwetu, minye ni nyanya yake, nimeileta mwenyewe! Mumupime mbiyo, sitangoja!"

Walimchukua. Nimonia ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kushika mapafu, na jioni ile binti yangu alikuwa amekaa kitandani akidai ndizi.

Nilimkuta mama mkwe nje anajipangusa jasho kwa ncha ya kitenge. Nilitaka kumwambia asante, nikajikuta nimemkumbatia. Sikuwa nimewahi kumkumbatia.

"Weye, niachie," alisema, "unanuka samaki." Lakini hakuniachia.