Mbili ya Mita Mpya

Mita mpya ya klorini ilifungwa siku ya Ijumaa, na tangu nilipoitia machoni sikuipenda. Ilikuwa na kioo safi na mshale mwekundu, imeletwa na mafundi wa nchi rafiki baada ya ile ya Waingereza kuvunjika na vipuri kukosekana. Wenzangu waliipigia makofi. Mimi niliinama nikasoma maandishi madogo yaliyo chini ya mshale, nikayarudia mara ya pili.

Nilikuwa fundi wa maabara katika kiwanda cha nguo upande wa Temeke, miaka ile ya Ujamaa. Mume wangu alikuwa mwendesha mitambo kiwandani humohumo, katika chumba cha dawa. Nilikuwa na mimba yetu ya kwanza, na kila harufu ilinichafua roho.

Katika chumba cha dawa ndimo gesi ya klorini ilimopitishwa kwenye maji ya magadi makali, ikamezwa humo, ikatoka dawa ya kung'arishia vitambaa. Magadi yakiwa mara mbili ya gesi, mambo yanakwenda salama. Yakipungua, gesi iliyokosa wa kuimeza inatoka kutafuta mapafu ya watu. Hilo hata mfagizi alilijua.

Shida ilikuwa kipimo. Maabara tulihesabu kwa moli, ambayo ni namna tu ya kuzihesabu chembe za dawa kwa mafungu, kama mtu anavyohesabu mikeka kwa korija, ishirini ishirini. Mrija wetu wa kioo ulisoma moli kwa dakika. Ukitaka kuzipeleka mitamboni unazidisha kwa sitini zipate kuwa za saa, unagawa kwa elfu zipate kuwa kilomoli. Lakini mita za Waingereza hazikujua kilo. Zilihesabu mafungu hayohayo kwa ratili, na kilo moja ni ratili mbili na ushei. Sasa ya gesi imekuja ya kilo, ya magadi imebaki ya ratili. Mbili ya huku ikawa zaidi ya nne ya kule.

Na waendeshaji wetu hawakusema vipimo. Pampu zilinguruma mno, basi walikabidhiana zamu kwa vidole: viwili kwa gesi, vinne kwa magadi, anayeingia anaitikia kwa kichwa, anayetoka anakwenda zake. Walifanya hivyo tangu kiwanda kifunguliwe. Kidole hakikuwa na kilo wala ratili.

Jioni ileile, kabla mita haijaanza kutumika, tukaitwa mkutano wa wafanyakazi. Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, kwenye mita mpya mshale wa gesi usimame moja kasoro kidogo. Ukisimama mbili, magadi hayataweza kuimeza."

Mkuu wa uzalishaji akacheka. "Kutoka mbili hadi chini ya moja? Huyu dada anataka tupunguze kazi nusu, na vitambaa vya sikukuu vinangojwa."

"Hatupunguzi kitu. Ni gesi ileile, kipimo ndicho kimebadilika."

"Na hiyo moja kasoro tutaionyesha kwa kidole gani?" akauliza mtu wa nyuma, ukumbi ukaangua kicheko. Kisha sauti nyingine, ya chini, ikasema neno hujuma. Kicheko kikakatika. Watu wakaanza kunitazama kama mgeni asiyejulikana kaingia na nani. Mwenyekiti akataka wanaokubali mbili wanyooshe mikono. Mume wangu alinyoosha, macho kayaelekeza sakafuni.

Nilikasirika nikakosa hata machozi. Nyumbani nilimwekea ugali nikakaa mbali.

"Mwenzangu," akasema, "leo umetajwa kwa neno baya. Watu wanapotea kwa neno lile."

"Na wewe kesho mshale utausimamisha wapi?"

"Mbili. Sie sote tumekubaliana."

"Mbili ya mita ile siyo mbili yako."

"Basi, mke wangu. Nyamaza. Mie nataka mwanangu amkute mama yake nyumbani."

Asubuhi nilimwambia tena, njiani, pale tunapoachana langoni. Alinishika bega akaenda. Mkono ulikuwa wa baridi.

Kabla ya saa nne nilikuwa dirishani nikiosha mirija. Kunguru waliojaa juu ya paa la chumba cha dawa waliruka wote pamoja, bila mlio, wasirudi. Nikajua. Harufu ilifika baadaye, kisha watu, wanakimbia na khanga na mashati midomoni. Nikamtafuta mume wangu miongoni mwao. Mwenzake wa zamu akaniambia alitoka, kisha akarudi ndani kufunga valvu, kwa sababu nyuma ya ukuta ule walikuwako kina mama wa kukunja vitambaa. Kina mama wote walipona. Yeye walimtoa kwa kumburuta.

Kamati ya uchunguzi ilimfuata wodini kabla hajaweza kukaa. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake, na mkuu wa uzalishaji naye yupo. Swali lilikuwa moja: maabara iliwaambia, au haikuwaambia? Mkutano ule, kumbe, hakuna aliyeukumbuka tena. Akisema hawakuambiwa, yeye ni majeruhi wa kazini, atatibiwa na nafasi yake itamngoja, na mimi nitachukuliwa kwa hujuma. Akisema waliambiwa, amevunja maelekezo kwa mkono wake mwenyewe.

Alichukua muda mrefu kuvuta pumzi ya kutosha.

"Niliambiwa," akasema. "Mkutanoni, na nyumbani, na njiani. Nikamwambia anyamaze."

Walimfukuza kazi mwezi uleule. Mimi walinibakiza, na mshale wa gesi ukasimamishwa moja kasoro kidogo. Mume wangu aliishi hadi mtoto wetu alipoanza kukimbia. Mtoto akimkimbia kwa mchezo, yeye alimfuata mpaka mlangoni tu, akashika mwimo, akasimama hapo akitafuta hewa, na mtoto uani akimngoja aje amkamate.