Tarumbeta Iliyovuruga Kwata ya Mwalimu Nderitu

Hadi leo nikipita soko la Giakanja navuta kofia mpaka kwenye nyusi, na bado kuna mama mmoja wa viazi ambaye akiniona tu anainua mguu mmoja, anauacha hewani, halafu anacheka mpaka anashika meza. Namwacha acheke, kwa sababu kosa ni langu, ingawa lilianza na kitu kitamu.

Mnajua mimi hupiga tarumbeta katika bendi ya kanisa letu (ndiyo, ile ya makoti mekundu yaliyoshonewa watu wanene kutushinda). Sasa, nilikuwa nimeenda Nyeri mjini kununua mafuta ya tarumbeta kwa Bhavesh, ambaye familia yake imeuza redio na vyombo vya muziki hapo tangu baba yangu akiwa kijana, nikamkuta amewasha spika zote za duka. Ilikuwa bendi ya ska, ule muziki uliotoka Jamaika, albamu yao ya kwanza, na jamani, hao vijana walikuwa wakipiga kama watu walioambiwa hakutakuwa na ya pili. Tarumbeta mbili, tromboni, gita la kukwaruza, kila kitu mbio mbio, na utamu wote uko mahali pamoja: ngoma inapiga, halafu vyombo vingine vinaingia pale palipo kimya, kati ya pigo na pigo, mpaka mwili unaruka kabla hujauruhusu. Mafuta niliyasahau. Nilirudi nyumbani na albamu kwenye simu, nikakamua ng'ombe nayo, nikachuma kahawa nayo, nikalala nayo masikioni.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Nderitu, mzee aliyenifundisha tarumbeta nikiwa bado na meno ya utoto. Aliiongoza bendi yetu miaka mingi mpaka kiharusi kikampiga upande wa kushoto, akakaa kitandani, na alipoanza kujifunza kutembea upya alijifunza kwa wimbo wetu wa kwata, mkewe anauwasha kwenye simu na yeye anavuka uwanja wa nyumba hatua kwa hatua. Kanisa likapanga ibada ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake, na yeye akaomba kitu kimoja tu, kwamba aiongoze kwata kutoka sokoni mpaka mlango wa kanisa, bila mkongojo. Kwenye mazoezi ya mwisho aliniita kando, akajigonga paja la kushoto.

“Muriithi, hii mguu hainisikii mimi siku hizi. Inasikia hiyo wimbo. Wewe piga tu vile nilikufundisha.”

Nikamwambia sawa Mwalimu, usijali. Na nikimwambia hivyo, mimi na Kariuki wa tromboni tulikuwa tumeshajificha mara kadhaa nyuma ya kiwanda cha kahawa kuuchukua wimbo huo huo na kuupiga kiska. Nilijidanganya kwamba ni zawadi kwa Mwalimu. (Zawadi gani, nilitaka watu waseme Muriithi ni moto.)

Jumapili ikafika, barabara ina matope ya mvua ya usiku, soko zima limejipanga kandokando, na Mwalimu mbele na koti lake la zamani, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mkewe pembeni amebeba ule mkongojo kama kitu kisichohitajika tena. Mama yangu alikuwa nyuma yetu na akina mama wenzake wenye vilemba vya samawati, wameshika bendera ya kanisa. Watu walipiga makofi, na mimi makofi yalinipanda kichwani, na mlango wa kanisa ulikuwa pale pale mbele yetu, nikamkonyeza Kariuki.

Tukaingia palipo kimya. Nikafumba macho vile nilivyomwona mpiga tarumbeta wa ile bendi akifanya kwenye video, nikapiga kwa roho yangu yote, na nilisikia kelele nikadhani ni shangwe. Nyuma yangu akina mama nusu walifuata ngoma na nusu wakafuata tarumbeta, wakakanyagana visigino, mama yangu akaacha kiatu kwenye matope na bendera ikamfunika karani wa kanisa. Kariuki alikuwa ameshanyamaza. Nilipofumbua macho nilikuwa napiga peke yangu, na Mwalimu Nderitu alikuwa amesimama na mguu wa kushoto umeinuka kidogo, anausubiri wimbo umwambie pa kuuweka, na wimbo haukumwambia. Akaketi matopeni polepole, bila kelele.

Walimwingiza kanisani kwa kiti cha plastiki. Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Mimi nilicheza kwetu, na mama yangu, kiatu mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini nisimfuate huko ndani.

Baada ya siku chache nilienda nyumbani kwa Mwalimu na tarumbeta yangu, nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliomba asikie hiyo kitu niliyoipenda hivyo, nikamwashia simu, na akasikiliza nyimbo tatu nzima huku mkono wake mzima ukigonga mkono wa kiti pale pale palipo kimya, sawasawa kabisa, bila kufundishwa na mtu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mkongojo ulikuwa umeegemea ukuta karibu naye.

“Hawa vijana wako sawa,” akasema. “Wimbo ni tamu. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa nimekuja kutembea.”

Albamu bado ninayo, na bado ni tamu, wao hawana kosa. Ila nimeapa, na nyinyi mashahidi wangu, kwamba sitafumba macho tena nikipiga tarumbeta mbele ya mtu anayetembea. Mwalimu siku hizi huja kanisani na mkongojo, na hajauliza tena habari ya kwata.