Mawe ya Mama Chini ya Ziwa

Harufu ya mpira unaoungua hunirudisha kwenye ua wetu wa Katuba, mwaka ule wa likizo ya baba. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli hapa Élisabethville, Kongo, na kila baada ya miaka kadhaa wafanyakazi walipewa tiketi za kusafiri na familia zao. Safari hiyo aliamua kwamba hatutaenda kwa ndugu zake kula mihogo na kusalimiana. Tungekwenda Ziwa Tanganyika, kwenye ghuba iliyohifadhiwa na serikali, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kutupa wavu, tuzamishe nyuso majini tuangalie samaki. Wazo hilo lilitoka kwa mkubwa wake, Mbelgiji aliyemletea miwani ya kuzamia iliyochanika aitengeneze. Baba aliitengeneza, kisha akaunda nyingine kwa ajili yetu: kioo cha dirisha, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na kipande cha bomba la kupumulia.

Kila alasiri baada ya shule, mimi na wadogo zangu wawili tulipokezana kutia vichwa ndani ya pipa la kufulia. Maji yalikuwa na ladha ya sabuni na kutu. Majirani waliuliza kama tunasomea uchura, na mmoja alimwambia baba kwamba Wazungu wamemharibu, sasa anaogesha watoto kuanzia puani. Baba aliwajibu kuwa maji usiyoyafika hujui wina wake. Mama peke yake hakucheka. Alizaliwa pande zile za ziwa lakini hakupenda kuulizwa. Nilijua tu kwamba kijiji chao kilihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale alipokuwa msichana, na kwamba hakuwahi kurudi.

Jumapili moja baada ya misa, baba alikuja na picha ya ghuba aliyopewa na mkubwa wake. Chini ya maji maangavu lilionekana jabali bapa lenye vishimo vya mviringo, vilaini kama mabakuli, vimepangwa mstari. Baba alitueleza kama alivyoelezwa: maji yalivichonga kwa maelfu ya miaka, na sasa samaki hutaga humo. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Alikuja na mwiko mkononi, akaitazama picha, na donge la moto likamdondokea mguuni asishtuke. Aliweka kidole kwenye shimo la tatu.

"Hii njo ya mama yangu," alisema. "Alikuwa anasagia hapa mutama. Ile ingine iko ya shangazi. Maji ilipanda, lakini mawe iko yetu."

Baba alikaa juu ya ukingo wa pipa, suruali yake ya kanisani ikalowa. Mimi niliitazama picha tena, na vile vishimo, ambavyo dakika moja iliyopita vilikuwa vya samaki, vilikuwa na wanawake wamepiga magoti kando yake. Sikujua kwamba picha inaweza kumdanganya mtu bila kubadilika hata kidogo.

Kuingia ghubani kulihitaji kibali, na fomu yake ilikuwa na mstari wa kueleza sababu. Baba alikuwa ameandika kwa penseli: kuangalia samaki. Mama alimtaka afute.

"Baba Ngoie," alisema, akimwita kwa jina langu, "andika muke yako anaenda kwabo."

"Batakataa."

"Bakatae. Siwezi kuenda kwetu kama mugeni wa samaki."

Nilimwomba Mungu baba asimsikilize. Niliwataka samaki wale, na uongo mdogo wa penseli haukunisumbua. Baba alishika kifutio muda mrefu. Kisha akafuta, akaandika kwa wino maneno ya mama.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu: ombi limekataliwa, kwa kuwa mahali hapo hapajawahi kukaliwa na watu. Baba alilisoma mara mbili. Mama hakujua kusoma, lakini aliichukua karatasi na kuigeuza nyuma, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na kitu kingine. Tulikwenda kula mihogo. Nilimnunia mama kwa miaka.

Leo serikali ni nyingine na kibali hakiulizwi. Chuo Kikuu nilifundishwa kudai ushahidi, na bado humo humo nilisoma kwamba vishimo kama vile huchongwa na maji. Nilimuuliza mwalimu maji yalijuaje kupanga mstari. Aliniambia nikae chini. Husemwa mwacha asili ni mtumwa. Sijasikia methali ya yule aliyeondolewa.

Nimekata tiketi tatu za kwenda ghubani mwezi ujao. Juzi nilipopita nyumbani harufu ilinipokea mlangoni: baba, sasa mzee, alikuwa anaunguza mpira kuziba miwani ya zamani. Nyuma yake mama alikuwa ameinamisha uso ndani ya pipa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya maji, ukienda mbele na kurudi, mbele na kurudi, unasaga.