Abiria Niliowabuni

Siku ya kwanza nilipewa kiti chenye mguu mmoja mbovu, kompyuta iliyokwisha kutumika na wengine, na karatasi yenye mistari arobaini. Meneja wa Mradi, Mganda mwenye sauti nene na mwepesi wa kucheka, alisimama mlangoni mwa ofisi yetu ya mtaa wa Hai Amarat, Juba, akaniambia, "Mama, sisi hapa tunajenga. Wewe kazi yako iko moja tu, kuharibu. Ukishindwa kuharibu, ndio tunapelekea watu."

Nilikuwa nimetoka benki. Nilikaa kaunta miaka kumi na minane, kwanza kwetu Voi, halafu Juba, Sudan Kusini. Kuharibu sikuwa nimefundishwa, lakini jicho la kuona kosa nilizaliwa nalo. Marehemu mume wangu angewaeleza vizuri zaidi. Haukuisha mwezi ofisi nzima ikawa inaniita Mama Makosa, na mimi nikaitika.

Kilichokuwa kinajengwa ni tovuti ya kuandikisha abiria wa tishari, yaani kile chombo bapa cha chuma kinachosukumwa na boti juu ya Mto Nile kuelekea kaskazini. Zamani karani wa bandari aliandika majina kwa kalamu, na kalamu haina breki. Chombo kingeweza kuondoka kimejaa kupita kiasi, na hakuna aliyejua kwa hakika nani yumo. Sasa kila mtu angeandikishwa kwenye kompyuta, apewe nafasi yake, na jina lisiloonekana kwenye skrini lisipande. Tulitaka watu wafike salama. Hilo ndilo lililoniamsha hata siku ambazo kiuno kilikataa.

Ile karatasi ya mistari arobaini ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Fungua ukurasa. Andika jina. Bofya. Angalia kama namba ya safari imetokea. Rudia bila jina, uone kama itakukataa. Kila mara waandishi wa programu walipobadilisha kitu, hata rangi ya kitufe, nilirudi mstari wa kwanza, kwa sababu ukigusa huku huvunjika kule. Kuna siku niliimaliza karatasi mara tatu na vidole vikafa ganzi.

Mkuu wa Ufundi alikuwa kijana Mkenya aliyekaa Nairobi na kutupigia kwa video. Siku moja aliniona nikijichua mkono. "Mama, hiyo ni kazi ya mashine. Fundisha brauza, hiyo programu ya kufungulia tovuti, ijibofye yenyewe." Nilidhani ananitania. Kumbe ni kweli: unaiandikia maagizo, inaitwa skripti, nayo mashine inafungua brauza, inaandika, inabofya na kutazama. Ikiona ilichotarajia, mstari unakuwa kijani. Isipoona, unakuwa mwekundu, na inapiga picha ya skrini ujue ilikwama wapi. Siku nilipoona herufi zinajiandika zenyewe nilisema "Wacha!" nikajirusha nyuma, na kile kiti cha mguu mbovu kikanimwaga chini mbele ya watu wote.

Kuisanidi kulinichukua wiki nyingi kuliko nilivyoahidi. Nilijifunza kwamba usiiambie mashine ibofye kitufe cha tatu, maana kesho vitakuwa vinne. Kipe kila kitufe jina lake ndani ya programu. Halafu kukawa na suala la kusubiri. Nairobi walikuwa wameiwekea sekunde tano. Juba umeme ni wa jenereta na mtandao unashushwa na setilaiti, ukurasa unaweza kuchukua nusu dakika kufunguka. Kila jaribio likawa jekundu wakati tovuti haina kosa lolote! Mimi nikataka kuandika sekunde sitini nipumzike. Mkuu wa Ufundi akanikatalia. "Usiiambie isubiri muda gani. Iambie inasubiri nini." Yaani, kitufe kikionekana, endelea. Nikaandika hivyo, na wekundu wa uongo ukaisha. Baadaye tukaunganisha mambo ili kila badiliko la programu liyaamshe majaribio yenyewe, kwenye brauza isiyofungua hata dirisha, inayofanya kazi kimyakimya ndani ya seva.

Ilibaki kuitafutia abiria. Mashine haiwezi kujaza fomu bila watu wa kuwajaza, nami nikawabuni sitini. Nilifurahia kweli. Niliwapa majina ya shangazi zangu na wanakwaya wenzangu, kila mmoja na siku yake ya kuzaliwa, huyu Machi, yule Agosti, mwingine tarehe tisa Oktoba kama mama yangu. Tulikuwa na kanuni moja ya kumzuia mtu asichukue nafasi mbili: jina lilelile na tarehe ileile ya kuzaliwa, ni mtu yuleyule, mkatae. Nililijaribu hilo pia. Nilimpandisha shangazi mara mbili, mara ya pili akakataliwa, kijani. Kila kitu kijani, nami nikavimba kichwa.

Sasa niwaambie habari ya keki. Kila tuliporudi kazini mwaka mpya, ofisi ile ilikata keki moja kubwa, kwa kuwa karibu wenzetu wote wa Sudan Kusini walizaliwa Januari mosi. Wenyewe walicheka sana. Mama zao walikumbuka mafuriko au mavuno ya mwaka ule, tarehe hakuna aliyeiandika. Kisha mtu wa karatasi, afisa wa vitambulisho, akawatazama usoni, akakisia mwaka, akajaza Januari mosi. Keki hiyo niliila miaka minne mfululizo na nikaomba niongezwe.

Asubuhi ya kuanza rasmi tulikuwa bandarini, mimi na Meneja wa Mradi. Karani wa bandari, kijana wa mtaa wa Hai Malakal palepale Juba, alisoma skrini na watu wakapanda vizuri, mpaka akafika mama mmoja mfupi, mzee, mwenye gunia la mtama na furushi la nguo za mtoto mchanga.

"Haboba, wewe ushapanda," karani akamwambia. Haboba ni bibi.

"Nimepanda wapi? Si niko hapa na miguu yangu?" Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, alikuwa ameishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka mingi.

"Jina yako iko ndani. Mary Achol Deng. Skrini imekataa, malesh, samahani."

Nikamsogelea. Alinieleza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Binti yake yuko mji wa Malakal, kule chombo kinakokwenda, na siku zake za kujifungua zimekaribia. Mtoto wa kwanza alimzaa peke yake bila mtu wa kwao, na mtoto akafa. Safari hii mama aliapa kuwa pale. "Hii ikienda, ingine ni lini?"

"Wiki tatu," karani akasema. "Pengine nne."

Achol akahesabu kwa vidole, akafika mwisho, akaketi juu ya gunia lake.

"Huyu amejiandikisha mara mbili," Meneja wa Mradi akasema. "Mashine iko sawa. Mama Makosa, si jana wewe mwenyewe ulinionyesha kijani tupu?"

Nikaomba kitambulisho cha yule mama. Januari mosi. Keki zote nne zikanipanda kooni. Niliona aibu, jamani, aibu ya kutaka kuingia mtoni na viatu. Miaka yote nachokonoa makosa ya wenzangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu.

"Meneja," nikasema, "mashine imesema nilichoifundisha, na nimeifundisha watu wasiokuwepo hapa. Kosa ni langu. Huyu mama ni mwingine."

"Unataka niandike kwa kalamu? Leo, siku ya kwanza? Kalamu ndiyo tulikuja kuondoa! Nikifungulia mmoja, kesho iko mia."

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa chombo kujaa, kama nilivyoogopa mimi. "Nipe dakika kumi," nikamwambia. Injini ya boti ilikuwa imeshawashwa.

Nikapanda ubao wa kuingilia chomboni na umri wangu huu, nikapita kati ya mbuzi, majerikeni na magunia ya vitunguu, naita, "Mary Achol Deng! Mary Achol Deng!" Watu wakanitazama kama mwendawazimu. Karibu na mwisho kabisa, bibi mmoja mrefu, mwembamba, akainua mkono. Nikamshika, nikamshusha, analalamika njia nzima kwa Kiarabu cha Juba kwamba nafasi yake itachukuliwa.

Wakasimama mbele ya Meneja wa Mradi, mmoja mrefu, mmoja mfupi, vitambulisho mkononi. Jina moja, siku moja, hata mwaka wa kukisiwa ni mmoja. Wakatazamana. Yule mfupi akasema, "Kumbe wewe ndiye mimi!" Karani alipomtafsiria yule mrefu, alicheka mpaka akamshika mwenzake bega asianguke.

Meneja wa Mradi akavigeuza vile vitambulisho, akavigeuza tena. "Nafasi iko?" akamwuliza karani.

"Iko moja."

Akachomoa kalamu kutoka mfukoni mwake mwenyewe. "Andika."

Kabla Achol yule mfupi hajapanda nilimwomba ruhusa ya kulitia jina lake ndani ya majaribio yangu. Akanitazama, gunia kichwani. "Weka. Lakini wasiniache tena."

Tuliirekebisha kanuni wiki ileile: majina yakifanana, skrini haimkatai mtu, inamwambia karani atazame namba ya kitambulisho na uso. Abiria wangu sitini niliwafuta wote, na shangazi zangu wanisamehe. Mahali pao niliweka watu wa kule, wenye jina moja, wenye majina manne, na Januari mosi tele. Jaribio la kwanza kabisa likawa Achol wawili katika tishari moja.

Siku yangu ya kustaafu ilikatwa keki, ya kwangu peke yangu. Karani wa bandari alikuja na boda kutoka mtoni kunionyesha picha kwenye simu yake: kadi ya kliniki ya mjukuu wa Achol, kule Malakal. Msichana, mzima. Alisema Achol alimsimamia mwandishi wa kadi kama askari, akakataa kuondoka mpaka tarehe ya kweli iandikwe. Haikuwa Januari mosi. Nililia mbele ya wote, wala sioni haya kusema. Kisha nikarudi kwenye kile kiti kibovu nikamwingiza mtoto naye katika lile jaribio la kwanza, abiria wa tatu, na siku yake mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho pale.

Sasa niko Voi na kuku wangu. Vijana huniuliza kama mashine itawanyang'anya kazi ya kujaribu programu. Kazi ya kubofya imeichukua, nami naishukuru. Vidole vyangu vinaishukuru zaidi. Lakini haijui watu ila wale uliowapa, na watu hawajulikani kwa kukaa ofisini ukiwabuni. Nenda uwaone wakipanda.

Binti aliyerithi kiti changu hunitumia ujumbe kila mara kabla hawajatoa toleo jipya. Haandiki habari za kijani wala nyekundu. Huandika tu: "Mama, wote watatu wamepanda."