Istikhara ya Mzamil na Ndoto za Watu

Mzamil wa Bondeni alipoachishwa ukarani kwa wakala mmoja wa mizigo kule Kilindini, alijikuta na njia mbili. Shemeji yake alimwita Muskati akauze manukato dukani kwake. Mkewe, Mahira, alitaka abaki, wakaange viazi karai, vile vya kuvikwa unga, wauze mlangoni pao. Shemeji alisema akikosa jibu kabla ya swala ya Ijumaa, nafasi atampa mtu mwingine.

Waislamu tuna swala ya jambo kama hili. Aliyetatizika huswali rakaa mbili za istikhara, akamwomba Mungu amchagulie lenye kheri. Ni ibada nyepesi na haihitaji mshenga. Lakini mitaani kwetu tumejiaminisha kuwa jibu lazima lije kwa ndoto, na Mzamil hulala kama gogo. Basi akawaomba watu wamswalie, na wakishaswali wamwotee.

Mama mkwe wake, Bi Mwanatumu, alitangulia na majibu.

"Nimekuona wapanda ndege, baba. Umevaa kanzu nyeupe."

"Nilikuwa nacheka au nalia?"

"Uso sikuuona. Niliona sanduku la zawadi zangu."

Faiz kinyozi, mwenzake wa mchezo wa keram, aliota papa. "Usisafiri, yakhe. Bahari nzima ni meno."

"Mimi nitakwenda kwa ndege."

"Papa hawa walikuwa wakiruka."

Hata Charo wa Tudor, aliyekuwa karani pamoja naye, hakuachwa. "Mimi nimeomba kanisani kwetu," alisema. "Kisha nikaota wanitafutia miwani yangu ofisini."

"Charo, mimi kazi ile sina tena."

"Najua. Lakini miwani uliipata."

Kufikia Alhamisi, ndoto za kwenda na za kubaki zilikuwa zimelingana, ukiiondoa ile ya miwani. Mzamil akazunguka Mji wa Kale akitafuta mwotaji wa kukata shauri. Nasema wazi, hata wazee wakinuna: Mungu hapigiwi kura. Tumepewa mlango ulio wazi, nasi twazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta mlinzi wa kumhonga.

Aliporudi, Mahira alikuwa akimngoja.

"Faiz umemuuliza, Charo umemuuliza, mpaka muuza kahawa umemuuliza. Mungu mwenyewe umemuuliza lini?"

Mzamil akatazama miguu yake. "Niliona wao wana swala nzuri kuliko yangu."

"Faiz?"



Ijumaa asubuhi, jua lilipopanda, alitandika mswala akaswali mwenyewe. Faiz na Bi Mwanatumu walikuwa wamekaa barazani wakimngojea.

"Umeota nini?" Faiz aliuliza alipotoka.

"Nitaotaje nami niko macho?"

"Basi rudi ulale kidogo," Bi Mwanatumu alimsihi. "Ijumaa bado mbichi."

Hakulala. Alimpigia shemeji yake simu, akamshukuru, akamwambia haji. Kisha akaingia jikoni.

"Sikuoneshwa kitu, Mahira. Ila nikiitaja Muskati moyo wazama, na nikiwaza kubaki hapa natulia. Na kama nimekosea?"

"Katika dua ulimwomba akuepushie la shari na akuridhishe na la kheri. Hiyo ni kazi yake. Yako ni kumenya viazi."

Karai la kwanza lilikuwa balaa. Unga ulijivua wote mafutani, viazi vikaelea uchi, na Bi Mwanatumu akafunika macho kwa leso. Mzamil akachanganya unga mwingine, mzito zaidi. Mteja mmoja akala, akalamba ukwaju vidoleni, kisha akauliza kama kesho watakaanga.

"Inshallah," Mzamil alisema.

"Wafikiri biashara itasimama?"

"Hilo silijui," alijibu, akatumbukiza viazi vingine.

Faiz akajitolea kumwotea. Mzamil akamkabidhi kisu na kiazi.